Kosa Hili Ni la Nani?

Mganga wa Mai-Mai, wanamgambo wa huku mashariki mwa Congo, yule ambaye wapiganaji wake humwita dokta, anaweza kukosa risasi, anaweza kukosa hata chumvi, lakini mtoto hamkosi. Mtoto ndiye anayechota maji, ndiye anayetwanga majani, na mara nyingi ndiye anayewanyunyizia wanaume wazima maji hayo kabla hawajashuka kupigana. Sababu inayotolewa ni moja: mtoto ni safi. Hajalala na mtu, hajala mali ya mtu, moyo wake haujachafuka, kwa hiyo dawa haiharibiki mkononi mwake.

Nimeanza na dawa kwa sababu wanaoandika habari hizi karibu wote huanza na bunduki. Husema bunduki za siku hizi ni nyepesi, mtoto wa miaka 10 anazibeba, anazifungua na kuzifunga. Husema mtoto hali sana, hadai mshahara, anatii, na akifa hakuna mjane atakayekuja kudai chochote. Yote ni kweli. Lakini huku kwetu Kivu ya Kusini ipo sababu nyingine, nayo ni ya kidini, na labda ndiyo maana watu wa ripoti huipitia haraka haraka kama ushirikina tu. Mtoto anapelekwa vitani kwa ajili ya usafi wake. Maneno yale yale ya wanaotaka atolewe msituni, kwamba huyu ni malaika, huyu hana hatia, ndiyo yaliyomwingiza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Bukavu, na katekista tangu ujana wangu. Watoto wangu walipokwisha kuoa na kuolewa, na mume wangu akafariki, nyumba ilibaki na vyumba vitupu, nikaanza kupokea watoto wanaoachiwa na makundi. Ofisini tunaitwa familia za mpito. Mtoto hupewa karatasi ya kuonyesha kwamba si askari tena, hukaa kituoni au kwa mtu kama mimi huku jamaa zake wakitafutwa, halafu hurudishwa kwao, ikiwa kwao bado kupo. Nyumba yangu iko Kadutu, kwenye mteremko. Wao hulala chumba cha nyuma, kwa sababu wengi hawapendi dirisha linalotazama barabara.

Dawa ina masharti. Usiibe, usiguse mwanamke, usile hiki, usipeane mkono na yule. Kila kundi lina orodha yake. Ukiyashika, risasi inageuka maji. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka Ngarambe na Kinjikitile Ngwale na maji yake mwaka 1905. Sisi tulikuwa na waasi wa Simba wa 1964, walioziendea bunduki wakilitaja jina la kiongozi Mulele na maji. Imani ni ile ile, na tundu lake ni lile lile: mpiganaji akipigwa akafa, dawa haishindwi kamwe. Aliyekufa ndiye aliyevunja sharti. Nimesikia mahubiri mengi yenye tundu hilo hilo, ya mgonjwa asiyepona kwa sababu imani yake ilikuwa haba, kwa hiyo siwacheki Mai-Mai. Lakini tazameni fundisho hilo linavyofanya kazi katika kichwa cha mtoto.

Alikuwako kwangu kijana wa upande wa Shabunda. Sitamtaja jina, na mambo mengine nimeyabadili kidogo asitambulike. Alichukuliwa akiwa na miaka 11, akapewa kazi ya dawa. Siku moja kundi lao lilishuka kushambulia kambi, na wengi hawakurudi. Dokta akawakusanya waliobaki akauliza ni nani aliyeharibu dawa. Mtoto akakumbuka kwamba asubuhi ile, walipokuwa wakipita kwenye shamba la watu, alichuma papai akalila nyuma ya mti. Akanyamaza. Wakampata mwingine wa kumlaumu, mtu mzima, na yaliyompata huyo sikuambiwa wala sikuuliza.

Tulikuwa barazani tunachambua maharage aliponieleza, yeye akitoa vijiwe na kuvipanga mstari sakafuni, vikubwa mwanzo, vidogo mwisho. Hakuanza na vita, alianza na papai. Alisema watu wale walikufa kwa ajili ya tumbo lake. Nikamjibu kama tunavyofundishwa kwenye semina: "Papa, kosa haiko yako." Akaendelea na kazi mpaka ungo ukaisha. Kisha akaniuliza, "Mama, kama kosa haiko yangu, basi iko ya nani?"

Hakuuliza kwa kulia. Aliuliza kama mtu aliyeokota pochi njiani, anataka kumrudishia mwenyewe, na kila anayemwuliza anasema si yangu.

Watu wa sheria wana jibu, na ni bora kuliko tulilokuwa nalo zamani. Mwezi wa Januari 2000, mjini Kinshasa, mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo mtoto askari wa miaka 14, akauawa kabla nusu saa haijapita. Leo jambo kama hilo lingekutana na karatasi nyingi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 uliweka mpaka kwenye miaka 15. Mkataba wa Afrika wa 1990 ukasema miaka 18, na hapo Afrika ilitangulia dunia. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 ikaja nyuma yake. Congo ina sheria yake ya kumlinda mtoto tangu Januari 2009. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai inahesabu kumwandikisha mtoto wa chini ya miaka 15 kuwa uhalifu wa kivita, na mtoto mwenyewe, kama alikuwa hajatimiza 18 alipotenda alilotenda, haiwezi kumshtaki. Kanuni za Paris za 2007 zinataka aonwe kwanza kama aliyetendewa uovu, si kama mtenda uovu tu.

Jirani yangu mmoja ni mwalimu wa madrasa, mtu wa Kasongo. Nilipomsomea habari ya miaka 15 alitabasamu akaniambia kwamba wao wana hiyo tangu zamani: Ibn Umar aliletwa siku ya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume akamrudisha nyumbani, akaja tena siku ya Khandaq akiwa na 15, akaruhusiwa. Akaongeza kwamba kalamu ya kuandika dhambi za mtoto imeinuliwa mpaka abaleghe. Kwetu sisi Wakatoliki sheria ya Kanisa humhesabu mtoto kuwa na akili ya kupambanua tangu miaka 7. Nilimwambia nyinyi mmewapa nafasi kubwa kuliko sisi. Akasema, na bado tunawachukua.

Jibu la sheria kwa swali la kijana wangu, basi, ni jina la mkubwa. Kosa ni la Thomas Lubanga, aliyesoma saikolojia Kisangani kisha akaongoza kundi la waasi la UPC kule Ituri, na ambaye tarehe 14 Machi 2012 alikuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ile, kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto. Alifungwa miaka 14. Kosa ni la Bosco Ntaganda, komanda wa kundi hilo hilo, aliyehukumiwa miaka 30 mwaka 2019. Nilifurahi kwa hukumu zote mbili na sirudi nyuma katika furaha hiyo.

Lakini kesi ya Lubanga ina mambo mawili ambayo katekista hawezi kuyapita. La kwanza ni shahidi aliyefungua ushahidi wake, Januari 2009. Alikuwa kijana aliyesemekana kuwa askari mtoto. Alieleza jinsi alivyochukuliwa akitoka shule, Lubanga akiwa ameketi katika chumba hicho hicho. Halafu, siku hiyo hiyo, akasema alivyoeleza sivyo, kwamba alifundishwa la kusema, naye ameapa mbele ya Mungu. Baadaye akarudi akaeleza upya, lakini majaji mwishowe hawakuutegemea ushahidi wake. Kilichowasaidia zaidi kilikuwa vitu kama mkanda wa video wa Lubanga akiwatembelea wanajeshi wake katika kambi ya Rwampara tarehe 12 Februari 2003. Sina la kumlaumu kijana yule. Ninachokiona ni mtoto aliyewahi kuambiwa na jeshi la kufanya, kisha akahisi kwamba hata wanaomtetea wanamwambia la kusema, na kiapo kikawa mahali pa kwanza alipoona ana neno lake mwenyewe.

La pili ni fidia. Disemba 2017 majaji walimhesabia Lubanga dola milioni 10. Kwa kuwa alishtakiwa kwa habari ya watoto askari peke yake, fidia ya kesi hiyo inawahusu wao na jamaa zao. Vijiji vilivyochomwa na jeshi lake, ambamo baadhi ya watoto hao walikuwemo na bunduki zao, havimo, kwa sababu havikuwa katika mashtaka. Ntaganda alishtakiwa kwa yote mawili, na kwake hesabu ilikuwa pana zaidi. Lakini mfikirieni mama wa kijiji cha Walendu, kimojawapo cha vile vilivyochomwa, aliyezika wanawe, anasikia redioni kwamba waliotendewa uovu wamepatikana, nao ni wale waliokuja kwake na panga. Sheria haikukosea. Ilimtafuta mwenye kosa, ikampata, na kosa lingine likabaki njiani bila mwenyewe.

Katika mafundisho ya Jumapili kila mtoto anaimbishwa Daudi na kombeo lake. Mimi nilikwisha kuacha kulifundisha kwa mtindo ule wa kupiga makofi. Mtoto mdogo aliyemwua jitu kwa kuwa Mungu yuko upande wake si hadithi ya kumwimbisha mtoto wa Kivu. Badala yake nafundisha Waamuzi sura ya 8, ambayo hakuna aliyeitungia wimbo. Gideoni amewakamata wafalme wawili wa Midiani, Zeba na Salmuna, waliowaua ndugu zake. Anamwita mwanawe wa kwanza, Yetheri, anamwamuru awaue. Yetheri hachomoi upanga. Biblia inatoa sababu bila kuipamba: aliogopa, alikuwa bado kijana. Wafalme wenyewe wanamwambia Gideoni ainuke afanye kazi yake, maana nguvu za mtu ni kadiri ya mtu alivyo, naye anawaua kwa mkono wake. Hakuna anayemkaripia Yetheri, hakuna anayemsifu, na hatajwi tena kwa jina. Katika sura inayofuata wana wa Gideoni wanachinjwa na ndugu yao Abimeleki juu ya jiwe moja, akaponea Yothamu peke yake, kwa hiyo tunajua pia alivyokufa.

Tazameni Maandiko yanasema nini juu ya kijana huyu na hayasemi nini. Hayasemi alikuwa safi. Hayasemi alikuwa na moyo mwema uliokataa kumwaga damu. Yanasema aliogopa na alikuwa mdogo, basi. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hoja yetu ya malaika ni mbovu. Tukimtetea mtoto kwa sababu ni safi, tumekubaliana na dokta wa Mai-Mai juu ya jambo la msingi, tunagombana naye juu ya matumizi tu. Na siku usafi huo ukiisha, utetezi nao umekwisha. Mtoto hastahili kuachwa nje ya vita kwa kuwa ni malaika. Anastahili kwa kuwa bado, kwa kuwa akiamriwa achomoe upanga ana haki ya kuogopa mbele ya baba yake na kurudi nyuma asipigwe. Watoto waliopita kwangu, wale waliotaka kusema, wamenieleza kuhusu siku yao ya kwanza, na karibu wote walikuwa kina Yetheri. Waliogopa. Tofauti ni kwamba aliyeogopa kwao alipigwa mbele ya wenzake, au alifanyiwa kile alichokataa kumfanyia mwingine.

Wanaoijua zaidi hasara ya hoja ya usafi ni wasichana. Nimepata msichana aliyerudi na mtoto mgongoni, baba wa mtoto ni komanda. Miaka ya mwanzo mpango wa kusalimisha silaha ulitaka bunduki mkononi, na yeye alikuwa amebebeshwa masufuria, mizigo na mimba. Hakuwa na cha kusalimisha. Kwa mtaa hakuwa tena mtoto wala malaika. Majirani waliwakataza binti zao kuketi naye kisimani, wakati mvulana aliyelala chumba cha pili, ambaye nilijua ametenda mengi, alikaribishwa kucheza mpira siku ya tatu. Kama usafi ndio hoja, msichana huyu hana hoja. Alikuwa na miaka 15.

Narudi kwa papai.

Kijana aliomba kwenda kwenye kitubio. Mimi najua ninachofundisha: ili dhambi iwe ya mauti lazima jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue anachofanya, na aridhie mwenyewe. Mtoto aliyeshikiwa panga ili ashike panga, ridhaa yake iko wapi? Kwa kipimo hicho, mauaji yale na moto ule havimo katika hesabu yake hata kidogo. Nikapitisha akilini miaka yote aliyokaa msituni nikitafuta tendo moja lililotimiza masharti matatu, nikaona ni papai. Hakuna aliyemwamuru. Alijua ni la watu. Alitaka. Na hata hilo, Thomas wa Akwino angemwachia, kwa maana alifundisha kwamba mwenye njaa kali anayechukua cha kumponya hajaiba.

Yuko mtakatifu mwingine aliyeiba matunda. Augustino, akiwa na miaka 16, alikwenda usiku na wenzake wakaukung'uta mpeasi wa jirani, wala hawakuwa na njaa. Walionja kidogo, mengi wakawatupia nguruwe. Aliandika kurasa na kurasa juu ya mapeasi hayo, na katikati ya majuto yake kuna jambo ambalo hulirudia: peke yangu nisingefanya. Kanisa limemsikiliza kwa zaidi ya miaka 1,600, hakuna aliyemwambia anyamaze, kwamba alikuwa mtoto, kwamba ni wenzake waliomponza. Tunaona kwamba anapolia juu ya mapeasi anajitafuta yeye mwenyewe. Kijana wangu naye angeweza kusema kwa haki kubwa zaidi kwamba peke yake asingefanya, lakini yeye kila akifungua kinywa anaambiwa hana kosa, nenda ukacheze.

Nikaelewa kwa nini alilishika papai namna ile. Lilikuwa kitu pekee alichoamua mwenyewe katika miaka hiyo yote. Jeshi lilimwambia wewe huna akili yako, yako ni kutii. Nasi tuliompokea, kwa upendo kabisa, tukamwambia yale hayakuwa yako, hukuwa wewe. Kama hakuwa yeye, basi miaka hiyo hakuwepo. Mtu anaweza kupendelea kuwa mwenye dhambi kuliko kutokuwepo. Hilo silioni kuwa ugonjwa wa kutibiwa kwenye semina. Naona ni roho inayodai mahali pake, na dini ambayo haina mahali pa kuiweka ina upungufu mkubwa kuliko yule dokta, aliyekosea juu ya kila kitu lakini angalau alimchukulia mtoto kama mtu ambaye tendo lake lina uzito.

Nilimpeleka. Padri wetu ni mtu wa maneno machache. Alichoambiwa ni siri yake, lakini anayetubu hafungwi na siri, na kijana alinieleza kidogo njiani tukiteremka kwenda kununua samaki wa sambaza. Padri hakumwuliza ameua wangapi. Alimwuliza kama kati ya waliokufa, wa upande wowote, kuna ambao anawajua kwa jina. Alijua wawili. Wakawaombea hao wawili pamoja, kwa majina. Juu ya papai, padri alimwambia siku akipata nafasi apande mpapai mahali ambapo wapita njia watakula. Yeye aliliona ni jambo la kuchekesha, na ilikuwa mara ya kwanza nimwone anacheka na kichwa kimeinuka.

Mtaniuliza: tukikubali kwamba mtoto ana tendo lake, je, hatufungui mlango wa kumfunga gerezani? Swali hilo lina jina la mtu, Dominic Ongwen. Mwaka 1987, kaskazini mwa Uganda, alikamatwa na waasi wa LRA akiwa njiani kwenda shule, na umri wake, kwa hesabu ya mahakama, ulikuwa miaka 9 hivi. Akakulia humo mpaka akawa mkubwa wa brigedi. Februari 2021 alitiwa hatiani kwa makosa 61, na kati yake lipo la kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15. Alifanyiwa, akafanya. Majaji walikubali kwamba utekwaji wake unapunguza adhabu, ila haufuti hatia. Wakampa miaka 25. Yeye aliomba apitishwe kwenye mato oput, upatanisho wa Waacholi wa kunywa mzizi mchungu pamoja na waliokosewa, wakakataa.

Mimi nawaunga mkono majaji, ijapokuwa baadhi ya mama wenzangu wa familia za mpito walinikasirikia. Aliyoyatenda akiwa mtu mzima aliyatenda kwa watoto wa watu. Lakini kati ya miaka 9 na siku alipokuwa komanda kuna mvulana wa miaka 14 na kijana wa miaka 17, na hakuna aliyewahi kumwambia hivi viwili kwa pamoja: uliibiwa, na mkono huu ni wako. Waacholi walio nyumbani wanajua kuvisema kwa pamoja. Mtoto akirudi kutoka msituni anakanyaga yai bichi mlangoni kabla hajaingia. Hawamwulizi ana hatia kiasi gani. Hawasemi pia kwamba hana kitu mguuni.

Huku kwetu hatuna yai, tuna orodha. Miezi ya mwisho ya 1996 watu walipita mashuleni wakiandikisha wavulana kwa jeshi la Laurent-Désiré Kabila, na tarehe 17 Mei 1997 wavulana hao, walioitwa kadogo, waliingia Kinshasa na mabuti ya mpira, watu wakiwashangilia barabarani. Orodha ziliandikwa na watu wazima waliojua kusoma. Baadaye, katika vijiji vingi, kila nyumba ilitakiwa itoe mvulana, au mbuzi, au pesa. Mashirika yamefanya kazi kubwa. Oktoba 2012 serikali ilitia saini mpango na Umoja wa Mataifa, na kufikia 2017 jeshi la taifa liliondolewa kwenye orodha ya wanaoandikisha watoto. Makundi hayajaondolewa, na tangu vita vya 2025 chumba cha nyuma hakikai kitupu. Lakini katika kituo kila mtoto ana faili, ameulizwa, amepimwa, amesikilizwa, amepatanishwa. Aliyeandika orodha hana faili popote.

Mzee aliyeliandika jina la kijana wangu yuko hai. Mama mtu alikuwa mjane asiye na mbuzi, basi ikawa rahisi. Kijana anaijua nyumba ya mzee huyo, na simfichi msomaji kwamba hilo lilinitia hofu. Lakini kijana hataki kisasi. Sasa ni fundi mwashi, anajenga, ana shughuli zake. Anataka mzee yule asimame mbele ya watu baada ya misa aseme: mimi ndiye niliyeandika jina la mtoto huyu. Nusu nyingine ya kosa, alisema, anaijua mwenyewe na ameshaipeleka.

Niliupeleka ujumbe huo kwa barua kwa padri wa parokia ya huko. Alinijibu kwa heshima kwamba mzee ni mtu mwenye jina katika kijiji, kwamba amezeeka na anaumwa miguu, kwamba tungoje apate nafuu. Nimemwandikia tena kumkumbusha kwamba mgonjwa hupelekewa kitubio nyumbani, na kwamba fundi wangu yuko tayari kulipa pikipiki.